Vitundu Viwili vya Dramu

Bolti inayotaka kukatika hutoa taarifa. Mwanzoni ni ngumu, na ugumu huo ni salama, maana chuma bado kinabishana nawe. Kisha ghafla spana inakuwa laini mkononi, ukadhani bolti imekubali. Haijakubali. Imeanza kuvutika kwa ndani, na ukiongeza nguvu kidogo tu, kichwa kinabaki kwenye spana na mwili unabaki kwenye gari. Kati ya ugumu ule na ulaini ule kuna nafasi fupi kama pumzi moja. Maisha yangu yote ya kazi nimeyafanyia humo.

Mwaka huu vidole vyangu vimeacha kuisikia nafasi hiyo. Katika wiki moja ya baridi nilikata bolti tatu, zote za watu walioniamini, nikafuta spana zangu nikazifungia. Ninyi vijana wa gereji ya Mlandege mliniuliza kwa nini naacha wakati mgongo bado unainama. Jibu ndilo hilo. Lakini kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kuwaambia tukiwa pamoja chini ya magari, nami nimeona niliandike nikiwa bado nalikumbuka kwa mpangilio wake.

Nilijifunzia kazi Mbeya, Mwanjelwa, kwa Mzee Shabani. Babu yake alitoka Kilwa, na yeye, ingawa alizaliwa kwenye ukungu wa Mbeya, alivaa kanzu nyeupe kila Ijumaa na kuitunza isiguswe na oili, jambo ambalo kwa fundi ni muujiza. Nilifika kwake nikitoka Iringa vijijini, nina mabega mapana na nia ya kuyaonyesha. Siku ya kwanza alifunga kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, bolti moja yenye nati iliyoliwa na kutu mpaka pembe zimeisha, akaniwekea kopo la mafuta ya taa pembeni.

"Hiyo ndiyo kazi yako mpaka Ijumaa," aliniambia.

"Mzee, hii naitoa sasa hivi."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia Ijumaa."

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeikata. Aliangalia vipande viwili, akatoa bolti nyingine kwenye ndoo, mbaya kuliko ile, akaifunga.

"Mhehe wewe, vita vyenu viliisha zamani," alisema. "Hapa hatupigani. Weka mafuta, gonga kidogo, nenda kafanye kazi nyingine. Rudi, weka mafuta, gonga kidogo. Hiyo kutu haikuingia kwa siku moja, unataka itoke kwa siku moja kwa sababu wewe umekunywa uji?"

Nilikata nne. Ya tano ilifunguka Ijumaa, wakati yeye yuko msikitini, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mwaka wangu wa tatu tuliitwa Rujewa. Lori la kubebea mpunga lilikuwa limekaa kwenye tope la Usangu msimu mzima, na pini ya springi ya nyuma ilikuwa imegeuka kitu kimoja na chuma kilichoishika. Mafundi wawili walikuwa wamepita kabla yetu. Tulijua hivyo kwa sababu walikuwa wameacha alama za tindo kila mahali, kama panya kwenye sabuni. Mwenye lori alituwekea magunia ya kulalia kwenye stoo ya kinu cha kukoboa, akakaa kusubiri kelele.

Kelele hazikuja. Mzee Shabani alisafisha pini kwa brashi ya waya, akatia mafuta, akaigonga kidogo kama anayebisha hodi kwa mkwe, akaenda kunywa chai. Aliweka utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine: kila baada ya swala alitia mafuta. Mara tano kwa siku. Mimi ni Mlutheri, lakini kwa siku tatu zile nilisubiri adhana kuliko mtu yeyote Rujewa. Mwenye lori alichoka.

"Mafundi, hivi mmekuja kutengeneza au kutalii?"

"Tunatengeneza," alisema mzee, kikombe mkononi. "Mafuta yako kazini. Sisi tumepumzika."

Siku ya tatu, baada ya alasiri, pini ilitoka kwa kusukumwa na bomba na magoti mawili. Mwenye lori hakufurahi sana. Aliona tumeifanya rahisi mno. Usiku huo nilijifunza kitu kibaya kuhusu watu wenye magari, nacho kilikuja kunigharimu: mtu huamini kazi anayoisikia. Ukipiga nyundo, majirani wanatoka kuangalia, na mwenye gari anasimama kiume akijua fundi wake anahangaika. Ukikaa kimya na kopo la mafuta, wanakuona mvivu.

Mzee Shabani alinifundisha jambo la mwisho kabla hatujaachana. Kila bolti unayoirudisha, ipake grisi kwenye meno. Nilimwuliza faida yake, maana grisi hiyo gari haiihitaji.

"Si ya gari. Ni ya fundi atakayekuja kufungua. Asikutukane."

"Na kama nitakuja mimi mwenyewe?"

"Basi usijitukane."

Nilirudi Iringa nikapanga sehemu pale Mlandege, ingawa nusu ya kazi yangu haikuwa gereji. Nilikuwa fundi wa nyumbani, wa kufuata gari lilipokataa: uani, kwenye zizi, mbele ya kanisa. Kazi ya nyumbani ina ugumu wake. Jeki inazama kwenye udongo. Kuku wanaingia chini ya gari na kutoka na nati. Mke anataka kujua utamaliza lini na mume anataka kukusaidia, na wote wawili wana spana waliyorithi kwa mtu. Gereji unaweza kujificha. Nyumbani kwa mtu, kila kosa lako linatendeka mbele ya familia.

Sasa nifike Kalenga.

Mwalimu Atanasi alikuwa na pikapu ya zamani, naye alikuwa mteja wangu tangu nilipoanza. Mke wake, Mama Upendo, alikuwa mgonjwa wa moyo. Kukaa kitako hakuweza tena. Alisafiri amelala kwenye godoro nyuma ya pikapu, mwalimu akiendesha taratibu kama amebeba mayai, na shangazi mmoja akimshikia mwavuli. Kila Alhamisi daktari bingwa alikuja hospitali ya mjini, siku hiyo moja tu, na saa sita mchana aliondoka.

Jumatano moja ya masika mwalimu alinipigia simu. Gari lilikuwa limelala wiki nzima kwenye mvua na hendibreki ikiwa juu. Viatu vya breki vilikuwa vimegandamana na dramu, lile bakuli la chuma linalovifunika, upande wa nyuma kushoto. Alipojaribu kulirudisha nyuma, liliburuzika kwenye mteremko wa uani mpaka langoni, na hapo tairi likakataa kabisa kuzunguka. Pikapu ilikuwa imesimama katikati ya nguzo mbili za lango, na kulia na kushoto ni ua wa michongoma.

Nilifika saa tisa alasiri. Mama Upendo alikuwa barazani, amelala kwenye mkeka juu ya mito mitatu.

"Kamwene, fundi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini utani ulikuwamo. "Kesho nina safari, usinifungulie gari ukaniachia vipande."

"Kamwene, mama. Kesho utalala kwenye godoro lako mpaka mjini."

Nililegeza hendibreki, haikusaidia. Nikatoa tairi. Nikajaribu kurudisha viatu ndani kwa kupitia tundu la nyuma. Kirekebishi chake, skrubu ya kuvisogeza, kilikuwa kimeganda. Ikabaki kuing'oa dramu yenyewe. Na hapa ninaomba mnisome polepole.

Kwenye uso wa dramu nyingi kuna vitundu viwili vidogo vyenye meno. Havishiki kitu chochote. Mtu asiyejua huviona kama kasoro ya kiwandani. Vimewekwa kwa ajili ya siku kama ile: unaingiza bolti mbili za spana namba kumi na mbili, unakaza huku robo mzunguko, huku robo mzunguko, na bolti zinasukuma kwa ndani mpaka dramu inajing'oa yenyewe. Mzee Shabani alinionyesha vitundu hivyo mwezi wangu wa kwanza. Siku ile niliviona. Vilikuwa vimejaa kutu na tope lililokauka. Kuvisafisha kwa msumari na kuvitia mafuta kungenichukua saa nzima, na mafuta yangetaka saa nyingine ya kukaa.

Wingu lilikuwa linashuka. Nilikuwa nimemwahidi mtu mwingine pale Mlandege. Na wanaume wanne walikuwa wamesimama langoni, mikono nyuma, wananiangalia. Mmoja alisema, si kwa ubaya, "Fundi leo anaipapasa tu."

Nikachukua nyundo kubwa.

Nilipiga ukingo wa dramu, nikahamia upande mwingine, nikapiga tena. Sauti ilikuwa nzuri. Watoto walikuja. Mwalimu alikunja mikono ya shati akashika tochi isiyohitajika. Pigo la tisa au la kumi lilitoa sauti tofauti, fupi, kama sahani inayovunjika chini ya maji. Dramu ni chuma cha kumimina, haipindi, hupasuka. Ukingo ulikuwa umemeguka, na kipande chake kimeingia ndani na kubana kama kabari. Sasa hata kama viatu vingeachia, gurudumu lisingezunguka.

"Imekuwaje?" mwalimu aliuliza.

Nilikuwa na pumzi moja ya kujibu. Nikasema, "Dramu ilikuwa imechoka, mwalimu. Ingepasuka hata barabarani. Afadhali imepasukia hapa."

"Ah. Basi Mungu ametuepusha," alisema, akanishika bega kunishukuru.

Alinishukuru. Nimekata bolti nyingi, nimeunguza mikono, niliwahi kuangukiwa na giaboksi. Hakuna kilichoniuma kwa muda mrefu kama mkono ule begani.

Alhamisi asubuhi nilizunguka maduka yote ya vipuri mjini. Dramu ya pikapu ile haikuwapo. Mwalimu alihangaika kutafuta gari la kuazima ambalo mtu angeweza kulala ndani. Akalipata saa tano, la mfanyabiashara wa mahindi, likabidi kwanza lishushe mzigo. Walifika hospitali saa saba kasoro. Daktari alikuwa ameondoka. Muuguzi aliwaandikia Alhamisi inayofuata.

Jumatatu rafiki yangu wa Mwanjelwa alinipatia dramu iliyotumika, nzima, akaipakia kwenye basi. Jumanne jioni niliipokea stendi, nikampigia mwalimu kwa furaha ya mtu anayedhani bado ana nafasi ya kurekebisha.

"Mwalimu, dramu imefika! Kesho asubuhi na mapema niko kwako."

Akasema, "Njoo, fundi. Mama Upendo hatunaye tangu jana, tulimkimbiza tena hospitali haikusaidia. Kesho saa saba tunamleta nyumbani. Gari lako liko langoni."

Gari lako, alisema.

Sitaandika hapa kwamba Alhamisi ile ingemwokoa. Sijui. Daktari hakuulizwa, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa na siku ya kuonwa na daktari, na siku hiyo niliivunja mimi.

Nilifika Jumatano saa nne. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka moto, kofia mapajani. Ndani wanawake waliimba kwa sauti ya chini, wimbo unaoanza na kuachwa. Walikuwa wameshazungumza kuhusu kukata michongoma ili jeneza lipite pembeni, na mwalimu alikuwa amekataa.

"Ua huu aliupanda yeye," alisema. "Atapita kwenye lango lake."

Nikaweka sanduku chini. Chuma kiligusa chuma ndani yake, na mara hiyo hiyo dada yake mkubwa mwalimu, Shangazi Desderia, akatoka, kanga kiunoni. Katika ukoo ule, tangu mtu afariki mpaka azikwe, hapatwangwi, hapapasuliwi kuni, hapapigwi kitu kikasikika nyumbani. Hata unga wa msiba walikuwa wameletewa na majirani.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, shangazi. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Hiyo nyundo naomba uniletee hapa." Nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mkunjo wa kanga kama mtu anayempokea mgeni mzigo. "Wiki iliyopita alikuwa anakusikia kutoka pale mkekani. Kila ukipiga alikuwa anafumba macho. Leo utafanya bila hii."

Akaingia nayo ndani.

Nilipiga magoti kwenye tope la lango. Nilikuwa na saa tatu. Nilichukua msumari na kuanza kusafisha vitundu viwili, kimoja na kingine, nikitoa kutu chembe kwa chembe na kuipuliza. Nikatia mafuta. Nikasubiri. Watu waliopita waliruka miguu yangu wakinong'ona pole, kana kwamba mimi ni mfiwa. Nikatia mafuta tena. Kutoka nyumbani kwa jirani redio ilizimwa. Nilipoingiza bolti mbili ziliingia kwa vidole mpaka zikagusa, nami nikazifuata kwa spana: robo huku, robo huku. Hakuna aliyesikia kitu. Mimi peke yangu, kupitia vidole, nilisikia kutu ikiachia, uzi kwa uzi, kama mshono unaofumuliwa.

Dramu ilinijia mapajani nzito na kimya. Kipande kilichomeguka kikadondoka kwenye tope. Tangu nilipotia mafuta mara ya kwanza, saa mbili zilikuwa hazijatimia.

Niliinua uso. Mwalimu Atanasi alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini, suti yake nyeusi imembana mabega. Aliangalia dramu, akaangalia bolti mbili, akaangalia vitundu.

"Kumbe inatoka," alisema.

"Inatoka, mwalimu."

Kwaya ya kigango ilikuwa inapanda kilima kulipokea jeneza, akaenda kuwalaki. Nikasafisha viatu, nikafunga dramu mpya, nikapaka grisi kila mahali pa kupaka, na vijana sita wakaisukuma pikapu mpaka chini ya ukuta wa nyumba. Saa saba Mama Upendo aliingia kupitia lango lake.

Nilidhani mwalimu hataniita tena. Aliniita. Miaka kumi na miwili, kila pikapu ile ilipokohoa, alinipigia simu kwa salamu zile zile, na alisimama pembeni akinitazama nikifanya kazi. Siku ile hakuitaja. Nami nilijificha ndani ya ukimya wake, nikijiambia labda hakuelewa, labda mtu wa chaki hajui vitundu vya dramu.

Mwezi uliopita, nilipokwisha kuwaaga ninyi, nilikwenda Kalenga kumuaga na yeye. Pikapu ilikuwa langoni. Alisema nyuma kushoto inalia, nikamwambia vidole vyangu vimekwisha, akasema jaribu. Nikapiga jeki, nikatoa tairi, nikaingiza bolti mbili. Sikuhitaji spana. Nilivuta dramu kwa mikono, na kwa sababu ya grisi niliyoipaka siku ya msiba na kila mara baadaye, ilitoka kama kifuniko cha sufuria.

Nilibaki nimeishika. Kisha nikasema, kwa maneno yote, kwamba dramu ya kwanza haikuwa imechoka. Kwamba niliviona vitundu. Kwamba nilipiga nyundo kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye jiwe, fimbo kati ya magoti.

"Nilijua," alisema. "Niliona vitundu vilivyokuwa vidogo, nikaona ulivyovisafisha. Nilijua siku ile ile."

"Sasa kwa nini uliendelea kuniita, mwalimu? Mafundi Iringa hii wamejaa."

Aliangalia baraza, pale mkeka ulipokuwa.

"Ningemwita nani?" alisema. "Wengine wangepiga nyundo."